Mechi Iliyo Mwishoni mwa Harusi

Siku ile kanda ya video ilipowekwa kwenye deki kule juu Olenguruone, tuliokuwepo ni hawa: Mzee Rono, mwenye boma, mkewe, Mama Cherono, Cherono mwenyewe, binti yao mkubwa, Kogo, yaani nyanya, mamake Rono, aliyekaa karibu na moto na hakubanduka hapo siku nzima, wazee wawili wa jirani, walioitwa kwa sababu nitakayoieleza, Mzee Swaleh, mpiga video wa Nakuru, na mimi, Ndung'u. Dada yangu Wambui hakuwepo. Nawataja wote kwa sababu tangu nirudi nimesikia safari hii ikisimuliwa hapa Elburgon kwa namna nyingi, na katika mojawapo mimi nimeoa.

Sijaoa. Nilikwenda kutafuta kanda ya mpira wa kikapu.

Wengi wenu mnatujua. Sisi ni watatu: mimi, Kariuki na Wambui. Baba alitangulia, na mama yetu, Nyokabi, akamfuata kabla Wambui hajaanza kusimama. Mimi nikaacha shule darasa la saba nikaanza kupanga mbao kiwandani, na nimezipanga mpaka leo. Mwaka huu Wambui ni mjamzito. Jioni moja alikuwa akichambua maharagwe, akaniuliza, "Mama alikuwa anatembea aje?"

Tuna picha moja tu ya mama. Amesimama mbele ya ukuta, mikono pembeni, kama mtu anayepimwa urefu. Nilifungua mdomo nimweleze Wambui, nikakuta sina la kusema. Miaka yote hiyo nilikuwa na hakika kwamba namkumbuka mama. Kumbe nilichokuwa nakumbuka ni ile picha. Wambui aliona, akarudi kwenye maharagwe yake, na mimi tangu jioni hiyo sikukaa vizuri tena kwenye kiti.

Kisha Mama Atieno akaja kiwandani kununua mbao za kuezekea. Alinitazama mpaka nikaona haya, akasema mimi ni wa Nyokabi, hakuna haja ya kuniuliza. Alikuwa mpishi katika chuo cha walimu alikosomea mama. Akaniambia mama alikuwa akichezea chuo basketi, na kwamba siku za mechi kubwa alikuja mtu mwenye kamera begani. Sikuwa nimewahi kusikia hata moja kati ya hayo mawili.

Elburgon hadi Nakuru

Niliomba ruhusa, nikapanda lori letu la mbao. Tulipofika Njoro tairi la nyuma likapasuka, na jeki ikawa haina nguvu ya kuinua mzigo. Ikabidi tungoje lori lingine. Dereva alijilaza kwenye nyasi, akafunika uso kwa kofia. Mimi nililizunguka lori. Nilipolizunguka mara ya kadhaa akanena bila kufunua uso, "Boss, pancha haiponi kwa kuzungukwa."

Mkutubi wa chuo alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alinipeleka kwenye stoo, akafungua kabati la chuma. Paa lilikuwa limevuja juu ya kabati hilo kwa misimu isiyojulikana. Kanda zilikuwa nyingi, zimepangwa wima kama vitabu, na kila moja ilikuwa na ukungu mweupe ndani, kama imenyunyiziwa unga. Karatasi za majina zilikuwa zimeliwa na mende. Mkutubi alisema zilikuwa zichomwe mwisho wa muhula. Nilimwomba anipe. Akanitazama, akatazama gunia nililokuwa nimelishika, akasema nichukue, ila nisirudi kudai kwamba nimepewa takataka.

Sikujua nitazifanyia nini. Nilijua tu kwamba ndani ya mojawapo huenda mama yangu alikuwa akitembea.

Bondeni, kwa Mzee Swaleh

Mkutubi ndiye aliyeniambia kwamba enzi hizo aliyekuwa na kamera ya kuaminika mjini ni mmoja, Mzee Swaleh. Nilimpata mtaa wa Bondeni, mjini humo, kwenye duka ambalo sasa bintiye anauza kava za simu. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, kofia nyeupe, redio sikioni. Nilimwonyesha gunia. Hakuzitazama zile kanda. Alizinusa.

"Hizi zina kuvu, mwanangu," alisema. "Ukiitia moja katika mashine, mashine inaugua, na kila kanda itakayofuata inaugua pia. Usimwachie mtu yeyote azijaribu."

Akanieleza kwamba kanda ni utepe uliopakwa unga wa chuma kwa gundi, na unyevu ukiingia, gundi inalegea na picha inadondoka yenyewe. Fundi anayejua kuzisafisha alikuwapo mmoja, lakini ni kazi ya miezi, na wala haijulikani mama yangu yumo kwenye ipi. Ndipo akakumbuka kwamba kocha wa timu ya chuo alipewa nakala yake ya mechi ya fainali, na kocha yuko hai, ana hoteli ya madereva kule Mai Mahiu. Nilisimama kabla hajamaliza. Bintiye alikuwa amenimiminia chai. Niliinywa wima, ikanichoma ulimi.

Mai Mahiu

Nilifika Mai Mahiu juu ya lori la vitunguu, na kwa muda baada ya hapo kila nilichokula kilikuwa na harufu ya vitunguu. Upepo wa Bonde la Ufa ulikuwa ukipeperusha vumbi kati ya malori, na hewa ilinuka breki zilizoshuka mlima.

Kocha, Mwalimu Wekesa, alikuwa mrefu hata akiwa ameinama kwenye sufuria ya ndengu. Kabla sijasema jambo alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni. "Urefu upo," akasema, "lakini mabega hakuna. Umri gani?" Alidhani nimekuja kutafuta timu. Nilipomweleza mimi ni nani akanikalisha, akaniletea chapati na ndengu, na akakataa kabisa kuzungumza mpaka sahani iwe tupu. Sijawahi kula haraka namna ile.

Alimkumbuka. Nyokabi alikuwa nambari tisa, alicheza msimu mmoja tu, kwa hiyo mechi yake iliyopigwa video ni ile fainali peke yake. Nilimuuliza alikuwa akitembea vipi.

"Akitembea sikumbuki," alisema. "Nakumbuka akikimbia."

Kisha akaanza kunisimulia mechi zake, na kwa masimulizi yake chuo kile hakikuwahi kushindwa na mtu yeyote, hata siku ambayo nusu ya timu ilikuwa na malaria.

Kanda yake ilikuwa safi, ndani ya boksi lake, imeandikwa FAINALI kwa wino mwekundu. Deki alikuwa nayo pale hotelini kwa ajili ya madereva. Aliiweka, madereva wakageuza viti, na kwenye skrini akatokea mhubiri. Alikuwa jukwaani, jasho linamtiririka, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mwalimu alisogeza mbele: mhubiri. Akasogeza tena: mhubiri, ila sasa umati umesimama. Dereva mmoja akasema amina na kuendelea na ugali wake.

"Ni marehemu mke wangu," Mwalimu alisema hatimaye. "Alikuwa anampenda sana huyu mhubiri. Alirekodi kutoka kwa televisheni. Hakujua ni kanda gani."

Hakuizima. Alikaa akiitazama hadi mwisho, mkono juu ya goti, nami sikuweza kumwomba aizime. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile kukaa kitako kwa muda mrefu, na nilikaa kwa ajili ya mke wa mtu mwingine.

Bondeni tena

Nilirudi kwa Mzee Swaleh kumuaga tu, nichukue gunia langu niende nyumbani. Nilimpa habari za mhubiri. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, na bintiye akaja kutazama kuna nini.

Akanifunulia jambo ambalo, alisema, halikuwahi kumfurahisha mteja yeyote. Siku hizo kanda tupu ilikuwa ghali, na chuo kililipa kidogo. Lakini harusi ni tajiri: mwenye harusi alinunua kanda yake ya urefu wa saa tatu, na harusi yenyewe, hata na hotuba za wajomba, ilichukua saa mbili tu. Kwa hiyo Mzee Swaleh alikuwa akipiga harusi Jumamosi, na wiki inayofuata anapiga mechi kwenye utepe uliobaki. Kisha anatoa nakala ya chuo, anafuta mechi, na mwenye harusi anapewa kanda yake asijue kitu. Ndivyo walivyofanya wote, alisema, si yeye peke yake.

"Sasa ile fainali," akaendelea, "nilitoa nakala, lakini sikuwahi kufuta. Bwana harusi alikuja mapema. Alikuja na trekta kutoka Olenguruone, limejaa viazi, alikuwa hana wakati wa kungoja. Nilimpa kanda na roho juu, nikasema atarudi kunigombeza. Hakurudi."

Nilimuuliza kama anaikumbuka nyumba. Alisema anaikumbuka njia, na nyumba itajitokeza. Bintiye alimwambia kwamba magoti yake hayana ruhusa ya kwenda Olenguruone. Mzee alikuwa tayari ameshika fimbo.

Njia ya Olenguruone

Tulipata pikapu ya maziwa iliyokuwa ikirudi na madebe matupu. Inapita Njoro, inapita hapa kwetu Elburgon. Niliona moshi wa kiwanda, nikaona hata bati letu, na sikushuka. Nilimwambia Mzee Swaleh kwamba pale ndipo nyumbani. Akaniuliza mbona hatusimami hata kunywa maji. Nikasema nikishuka mikono mitupu Wambui ataniuliza, na sina jibu lingine la kumpa.

Molo tulisimama Mzee Swaleh anunue sukari, majani ya chai na mikate miwili, kwa kuwa hakubali kwenda kwa watu bila kitu mkononi. Kutoka kwenye mfuko wake akatoa shati jeupe la mwanawe, akanivalisha pale kando ya barabara kwa sababu langu lilinuka vitunguu. Na akanipa sharti: tukifika nisitaje kanda. Mgeni hasemi shida yake kabla hajala kwa mwenyeji. Akisema mapema anaonekana amekuja kuchukua. Nikakubali ingawa ulimi uliniwasha.

Baada ya Keringet mvua ilikuwa imepita kabla yetu. Pikapu ilizama, tukasukuma, ikazama tena. Mimi na dereva tulitoka na matope hadi kifuani. Mzee Swaleh aliongoza kwa fimbo na kofia yake ikabaki nyeupe. Lile shati alikuwa amenivua kwanza.

Nilikuwa na wasiwasi mwingine ambao sikumwambia. Ni jina langu. Kuna miaka ya mapigano ambayo mtu mwenye jina la Kikuyu kama langu hakupanda njia ile kwa kupenda, na watu wa pande zote mbili bado wanaikumbuka. Kadiri tulivyopanda na baridi ikazidi, ndivyo nilivyozidi kulifikiria hilo jina.

Kwa kina Rono

Nyumba kweli ilijitokeza. Mzee Swaleh aliitambua kwa mti wa mwerezi uliopasuliwa na radi, na mwenyewe akashangaa kwamba ameitambua.

Tulikaribishwa bila kuulizwa neno. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwao pia mwenyeji hamwulizi mgeni alichokuja kutafuta, anamngoja aseme. Kwa hiyo sisi tulingoja kula ndipo tuseme, nao wakangoja tuseme, na chakula kikaendelea kuja. Chai. Viazi. Ugali wa wimbi na mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa yale yenye vumbi la mkaa, ambayo Mzee Swaleh aliyanywa kwa adabu na mimi nikayapenda. Sukari yetu ilipokelewa kwa mikono miwili na Mama Cherono akatazamana na mumewe.

Mzee Rono aliniuliza jina. Nikasema Ndung'u.

Mama Cherono alijifunika mdomo kwa leso. Kogo, pale motoni, alilirudia jina langu mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chai. "Karibu, Ndung'u," Mzee Rono akasema, akijikaza. "Kaa chini." Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mimi nilikuwa nimeketi tayari. Nilisema moyoni, ndilo hilo nililoliogopa, afadhali wanacheka.

Kisha wakaingia wazee wawili wa jirani, mmoja amevaa koti la suti. Wakakaa, wakaanza kumuuliza Mzee Swaleh kuhusu ukoo wangu, kazi yangu, na kama wazazi wangu wanajua nimekuja. Mzee Swaleh, asiyetaka kukiuka sharti lake mwenyewe, alijibu yote. Alisema mimi ni yatima, mfanyakazi, nimelea wadogo zangu wawili, sinywi. Yule mwenye koti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilidhani hivi ndivyo wanavyomkaribisha kila mtu.

Cherono ndiye aliyekatiza maswali. Alikuja na birika, akaliweka chini, akanigeukia.

"Samahani boss, kabla wazee waendelee. Wewe ulinionea wapi?"

Nikamwambia sijawahi kumwona popote.

"Na umekuja na shati jeupe, na mzee wa kukusemea, na sukari?"

"Nimekuja kuhusu kanda ya harusi ya wazazi wako," nikasema. Sharti la Mzee Swaleh likavunjikia hapo.

Ndipo nikaelewa: walidhani nimekuja kumposa Cherono, na wazee wale waliitwa kusikiliza posa. Kogo alitaka kuelezwa, na Cherono akamweleza kwa Kikipsigis, na yule ajuza akacheka mpaka akashika kigoda. Aliyeumia ni mzee mwenye koti. Alisema angejua angemalizia kukamua ng'ombe. Lakini hakuondoka.

Mzee Swaleh sasa alieleza yote, hata ujanja wake wa utepe, kichwa kimeinama. Akaomba radhi kwa kuchafua harusi ya watu kwa mpira. Mzee Rono alimtazama kana kwamba hamwelewi. "Kuchafua?" akauliza. "Mzee, sisi tulidhani ni zawadi."

Kanda ilikuwa darini, juu ya meko, mahali wanapokausha mahindi ya mbegu, ndani ya sufuria yenye kifuniko iliyofungwa kwa kitambaa. Kogo ndiye aliyeiweka huko tangu mwanzo, kwa sababu kitu cha kutunzwa unakiweka kwenye moshi. Deki ilikuwa chini ya kitanda chake. Vitu hivyo viwili hukutana siku ya Krismasi tu. Siku hiyo Kogo alisema vikutane.

Niliomba tusogeze hadi mwisho. Kogo akakataa. Aliyemo mwanzoni ni marehemu mume wake akibariki vijana, na hapitwi kwa kasi. Basi tuliitazama harusi yote: gari la bibi harusi likivutwa na trekta matopeni, wajomba wakihutubu mmoja baada ya mwingine. Magoti yangu yalicheza muda wote. Mama Cherono, aliyekuwa akijitazama akiwa msichana kwenye skrini, alinitazama mimi magotini, akatabasamu.

Kisha keki ikakatwa, picha ikaruka, na mbele yetu kukawa na uwanja wa saruji, jua kali, na wasichana wa jezi nyekundu na kijani.

Sikuhitaji kuonyeshwa nambari tisa. Nilimjua kwa mgongo.

Alikuwa akikimbia kama alivyosema kocha. Lakini wakati wa mapumziko alitembea. Alitembea hadi kwenye ndoo ya maji akitupa miguu nje kidogo, kama mtu aliyeazima viatu, akachota kwa kikombe, akanywa, akamwaga kilichobaki kisogoni. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mpira pia aliurusha kwa kushoto. Wambui ni wa kushoto, na shangazi yetu alimpiga sana mezani akimuuliza mkono huo ameutoa wapi. Sasa nilijua ameutoa wapi.

"Ngoja sasa," Cherono alisema, na wote wakasogea mbele.

Kutoka upande wa mashabiki alitokea mtoto mwenye sweta, ameshika kipande cha muwa, akaingia katikati ya uwanja mechi ikiendelea. Refa akapuliza filimbi. Nambari tisa akaacha mpira, akamshika yule mtoto mkono, akamleta hadi karibu kabisa na kamera. Na kabla hajafungua mdomo, nyumba nzima ya Mzee Rono, na wazee wa jirani, na Kogo asiye na meno ya mbele, walipaza sauti pamoja naye:

"Ndung'u, ikara thi!"

Ndung'u, kaa chini. Kwa Kikuyu, katika boma la Wakipsigis. Ndivyo wanavyomwambia kila mtoto asiyetulia pale nyumbani, na watoto wa jirani pia. Hakuna aliyewatafsiria, walielewa kwa sababu yule mtoto aliketi. Chini ya sauti zao nilisikia ya mama, nzito kuliko nilivyodhani, yenye kupumua haraka.

Kisha wakakumbuka, wakageuka wote kunitazama.

Sikuwahi kujua kwamba nilikuwepo. Kogo alisema jambo, na Cherono akanitafsiria. "Anauliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

Kogo alinitazama magoti. "Anasema basi hukumsikia mamako. Mpaka leo hujakaa."

Mechi ikaendelea. Ubao wa matokeo ulikuwa ubao wa darasani ulioegemezwa mti, maandishi ya chaki, na kamera haikuuonyesha vizuri hata mara moja. Lakini kwa kelele za watu ulijua timu zinakaribiana. Mama akapokea mpira pembeni, akamzunguka msichana mrefu wa kijani, akaruka, mpira ukatoka mkono wake wa kushoto. Hapo kanda ikaisha. Skrini ikawa ya buluu.

Hakuna aliyesogea. Mzee Rono alinigeukia, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Alisema wamebishana juu ya mpira ule kila Krismasi tangu waoane. Yeye anasema uliingia. Mkewe anasema ulirushwa kasi mno. Watoto wamegawanyika.

"Sasa wewe ulikuwa hapo," akasema. "Uliingia?"

Mimi niliyekuwa nimeketi kando ya uwanja na muwa, shahidi pekee waliyewahi kumwona, sikuwa na kitu.

Mzee Swaleh aliingiza mkono mfukoni ili atoe chochote cha kuwaachia kwa ajili ya kuazima kanda. Kogo aliusukuma ule mkono. Alizungumza kwa muda, akinielekea mimi, na Cherono akamngoja amalize ndipo akasema: "Anasema mamako amekuwa wa hapa kila Krismasi. Umchukue ukamwonyeshe dada yako. Hataki kitu. Ila utuletee mwisho wake."

Nilikubali haraka, kama mtu anayekopa akiwa na njaa.

Nakuru, mara ya mwisho

Kanda haikutoka bila mtu wa nyumba. Cherono alisafiri nayo mapajani, ndani ya ile sufuria, na kila aliyemuuliza amebeba nini alijibu kwamba ni babu yake. Hapo ndipo ilipoanzia habari kwamba nimerudi na msichana.

Yule fundi aliyetajwa na Mzee Swaleh alifungua kifuniko, akanusa, akauliza ni nani aliyekuwa akichoma mahindi. Utepe ulikuwa mkavu, hauna kuvu hata kidogo. Zile za kabati la chuma zilioza. Iliyokaa moshini ilicheza kutoka bibi harusi hadi ule mpira bila kukwama. Alitoa nakala kwenye flashi tatu: ya Cherono, ya Mzee Swaleh, na yangu. Gunia nalo nilimwachia. Kanda chache amekwisha kuziosha, ni mechi za miaka mingine, na wasichana ambao sijui ni mama za nani. Nimeanza kuuliza.

Nyumbani

Wambui aliitazama akiwa amesimama, mkono kiunoni, tumbo mbele. Sikumwambia chochote kabla. Mama alipotembea kwenda kwenye ndoo, Wambui alirudisha nyuma, akatazama tena, akarudisha tena.

"Anatembea kama mimi nikiwa nimechelewa," alisema. Kisha akaketi na kulia vizuri, na Kariuki akamchemshia chai, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Kwa hivyo hilo limekwisha. Lililobaki ni mpira.

Nilimpigia Mwalimu Wekesa. Alisema uliingia, kwani yeye hamjui Nyokabi? Nikamuuliza kuhusu mechi nyingine niliyoitunga papo hapo. Akasema nao uliingia. Mzee Swaleh anasema kanda ilipoisha alifunga kamera akaenda zake, alikuwa na harusi. Mama Atieno alinithibitishia kwamba siku za wageni nyanya yangu alikuwa akinileta chuoni, lakini yeye mwenyewe alikuwa jikoni. Anachokumbuka ni kwamba jioni ile wasichana walirudi kuomba ugali zaidi. Nikauliza hiyo inamaanisha walishinda? Akasema wasichana wa basketi walikuwa wakila vile vile wakishinda na wakishindwa. Niliambiwa mmoja wa wale wa kijani anafundisha Londiani. Nilikwenda Jumapili. Alikuwa mama mzuri sana, alinipikia, na kumbe alicheza netiboli, si basketi.

Jana Cherono alinipigia simu. Alisema Kogo yuko kando yake, anauliza kama nimeupata mwisho wake. Nikasema bado. Nikawasikia wakizungumza, kisha kicheko kile cha kigoda, kisha Cherono akarudi.

"Anasema ufanye haraka. Hataki kuzeeka akingoja."